Gia za Otomatiki katika Nakala ya Cobra

Miongoni mwa watu wanaojenga nakala za magari ya zamani ya spoti kuna ugomvi usiokwisha. Mmoja wao akitangaza kwamba katika nakala yake ya gari liitwalo Cobra atafunga giaboksi ya otomatiki, wenziwe humcheka, na wengine humwambia waziwazi kwamba analiharibu gari. Hoja yao ni fupi. Gari la namna hiyo, wanasema, liliundwa liendeshwe kwa miguu yote miwili na mikono yote miwili; anayeondoa klachi ameondoa roho na kubakiza ganda. Hoja hii hutolewa kwa uhakika mkubwa, aghalabu na watu wenye ujuzi. Hata hivyo haina msingi katika historia ya gari lenyewe, na katika fizikia msingi wake ni mdogo kuliko wanavyodhani wanaoitoa. Lenye msingi ni jambo jingine lisilotajwa sana katika ugomvi huo, nalo ni kwamba kazi hii ikifanywa bila vipimo huweza kuua mtu.

Yafaa kuanza na historia. Mwaka 1953 kampuni ya Kiingereza ya AC, yenye karakana huko Thames Ditton karibu na London, ilitoa gari dogo la wazi liitwalo Ace. Chesisi yake haikubuniwa na AC. Ilitokana na gari la mashindano la John Tojeiro, na umbo la bodi lilifanana sana na lile la Ferrari 166 ya Italia. Miaka michache baadaye Ace likaanza kutiwa injini ya Bristol yenye silinda 6, nayo injini hiyo ilikuwa imetokana na ile ya BMW 328, gari la Ujerumani la kabla ya Vita Kuu ya Pili. Bristol ilipokuwa ikiacha kutengeneza injini hiyo, Mmarekani Carroll Shelby aliiandikia AC, mwaka 1961, akiomba chesisi itakayoweza kupokea injini ya Kimarekani ya silinda 8. Shelby hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 1959 yeye na Roy Salvadori walishinda mbio za saa 24 za Le Mans katika Aston Martin, na ni maradhi ya moyo tu yaliyomwondoa katika mashindano mwaka 1960. Ford ikatoa injini, AC ikatoa chesisi na bodi, na mwaka 1962 Cobra ya kwanza ikaunganishwa California.

Basi hilo linaloitwa gari la asili lilikuwa pandikizi juu ya pandikizi: umbo la Kitaliano, mikono ya Kiingereza, moyo wa Kimarekani. Hadi 1967 yalikuwa yametengenezwa magari 1,000 hivi tu. Kwa sababu ya uchache huo, na kwa sababu ya bei yake leo, watu wengi wanaotamani Cobra hawana budi kujenga nakala au kununua iliyojengwa. Nakala hizo hutengenezwa Uingereza, Marekani, na hata hapa barani Afrika, katika mji wa Afrika Kusini uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth na ambao sasa ni Gqeberha. Idadi yake imeipita ile ya magari ya asili mara nyingi.

Nakala ya kawaida imeacha mengi. Bodi ya asili ilikuwa ya alumini. Ya nakala aghalabu ni ya faiba. Chesisi ya asili ilijengwa juu ya mirija miwili mikubwa ya chuma, yenye kipenyo cha milimeta 76 na baadaye 102. Nakala nyingi zina chesisi ya vyuma vya pembe nne. Breki, difu na usukani huchukuliwa kutoka magari ya miaka ya karibuni. Hakuna anayelia kwa ajili ya hayo. Kilio huanza inapoguswa pedali ya klachi.

Wanaolia wangefaa kujua kwamba Cobra chache zilitoka karakanani kwa Shelby zikiwa tayari na giaboksi ya otomatiki ya Ford. Tena gari ambalo Shelby alijiundia mwenyewe, lenye injini ya lita 7 iliyoongezewa mashine mbili za kusukuma hewa, lilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya gia tatu. Gari hilo liliuzwa mnadani huko Scottsdale, Arizona, mwaka 2007, kwa dola milioni 5.5. Mnunuzi hakuomba apunguziwe bei kwa sababu ya kukosa klachi. Ikiwa mwanzilishi wa gari aliona ni halali kulitia gia za kujibadilisha zenyewe, ni nani mwenye haki ya kumkataza fundi wa nakala?

Pengine kinachotetewa hapa ni hadhi ya dereva zaidi ya gari. Kubadilisha gia kwa mkono ni ujuzi, na mtu aliyeupata kwa taabu hapendi kuona taabu ile ikiondolewa. Hisia hiyo inaeleweka, lakini haifai kuitwa sayansi. Zipo pia hoja za haki upande huo, nazo zikubaliwe: giaboksi ya klachi ni nyepesi, ni rahisi kuitengeneza, hutii mara moja, na injini huweza kulizuia gari vizuri zaidi mteremkoni. Yupo na mtu anayependa kile kitendo chenyewe cha kuingiza gia, kama vile mwingine apendavyo kukoboa mpunga kwa kinu ilhali mashine iko jirani. Huyo aachwe na klachi yake.

Dai la kwamba giaboksi ya otomatiki hupoteza nguvu na kulifanya gari kuwa zito wa kuondoka ni dai la namna nyingine, kwa maana hilo linaweza kupimwa. Ili kulipima ni lazima kwanza kujua ndani yake mna nini.

Kati ya injini na gia, mahali pa klachi, kuna chombo chenye umbo la andazi kubwa la chuma kilichojaa mafuta, kiitwacho konveta. Asili yake ni melini: mhandisi wa Kijerumani Hermann Föttinger alipata hataza yake mwaka 1905, akitafuta njia ya kuunganisha mtambo wa mvuke uzungukao upesi na rafadha izungukayo polepole. Mwanafunzi azifikirie feni mbili zinazotazamana. Moja ikiwashwa, upepo wake huizungusha ya pili ingawa haziguzani. Ndani ya konveta feni hizo ni magurudumu mawili yenye mapanga, na mahali pa upepo pana mafuta. Kati yake pana gurudumu la tatu, dogo, ambalo huyageuza mafuta yanaporudi ili yasilipinge gurudumu la kwanza. Kwa sababu ya gurudumu hilo la tatu, wakati gari limesimama na injini inavuta, nguvu ya mzunguko inayotoka huweza kuwa karibu mara mbili ya ile iliyoingia. Klachi haiwezi kufanya hivyo; hutoa kilekile ilichopewa.

Nyuma ya konveta ziko gia zenyewe. Hupangwa kama jua na sayari zake: katikati gia ya jua, kuizunguka gia za sayari zilizobebwa na fremu moja, na nje pete yenye meno kwa ndani. Meno hayaachani kamwe. Kinachobadilika ni sehemu ipi inayoshikwa isizunguke. Mwanafunzi achukulie kwamba jua lina meno 36, kila sayari 18, na pete 72. Pete ikishikwa, nguvu ikaingia kwenye jua na kutoka kwenye fremu, jua litazunguka mara 3 ili fremu izunguke mara 1. Jua likishikwa na nguvu ikaingia kwenye pete, uwiano ni 1.5 kwa 1. Sehemu mbili zikifungwa pamoja, zote huzunguka kama kitu kimoja. Nguvu ikiingia kwenye fremu ilhali jua limeshikwa, pete huzunguka upesi kuliko injini, na uwiano ni 0.67. Fremu yenyewe ikishikwa, pete hugeuka kinyume na jua, na gari linarudi nyuma. Mambo matano kutoka seti moja ya gia! Giaboksi halisi huunganisha seti mbili au zaidi, lakini kanuni ni hiyo hiyo, na mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kuionyesha kwa giaboksi iliyokufa, ambayo haikosekani katika gereji za Dar es Salaam au Nairobi, kwa kuwa magari mengi madogo yanayoletwa yakiwa yametumika kutoka Japani ni ya otomatiki. Anayeziita gia hizi za wavivu hajapata kuzifungua.

Sasa lipimwe lile dai. Nakala ya Cobra pamoja na watu wawili ina uzito wa kilo 1,250 hivi, na kilo 650 kati ya hizo hukaa juu ya magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma. Tairi zikiwa nzuri na lami ikiwa kavu, mgusano wao unaweza kuhimili msukumo wa nyutoni 6,400 au karibu na hapo. Injini ya lita 5 itoe nguvu ya mzunguko ya nyutoni-meta 400. Kwa giaboksi ya klachi ya aina iliyotumika katika Cobra kubwa, yenye gia ya kwanza ya 2.32, na difu ya 3.54, tairi yenye nusu kipenyo cha milimeta 335 itasukuma lami kwa nyutoni 9,800. Tayari msukumo umepita uwezo wa tairi. Kwa giaboksi ya otomatiki ya General Motors iitwayo 700R4, iliyotoka mwaka 1982 na kupendwa na wanaotumia injini za Chevrolet, gia ya kwanza ni 3.06, konveta ikizidisha mara mbili, msukumo hupita nyutoni 25,000, yaani mara nne ya uwezo wa tairi. Hesabu hii haikuondoa upotevu wa njiani, lakini hata ukiondolewa robo nzima jibu halibadiliki. Gari hilo halikosi nguvu ya kuondoka. Linayo ya kuchoma tairi bure.

Hapa ndipo wajenzi wengi wanapokosea, na kosa lao hutokana na kusoma orodha ya gia bila kusoma gari. Giaboksi ya gia nne yenye gia ya kwanza kubwa iliundwa kwa ajili ya gari zito. Nakala nyepesi ingehudumiwa vizuri zaidi na giaboksi ya gia tatu kama ile ya Ford iitwayo C4, iliyoanza kutumika 1964, yenye uwiano wa 2.46, 1.46 na 1.00, mradi difu ibadilishwe. Kwa mwendo wa kilometa 110 kwa saa na difu ya 3.54, injini ingezunguka mara 3,080 kwa dakika katika gia ya juu, jambo linalochosha masikio na kumaliza petroli. Ikiwekwa difu ya 2.88, mizunguko hushuka hadi 2,510, na msukumo wa kuondokea bado ni zaidi ya mara mbili ya uwezo wa tairi. Giaboksi yenyewe ni fupi na nyepesi kuliko ile nyingine. Wanaoipuuza kwa kuwa ina gia tatu tu wangefaa kukumbuka Chaparral, gari la Texas la Jim Hall, lililoshinda mbio za kilometa 1,000 za Nürburgring mwaka 1966 likiwa na konveta na bila pedali ya klachi.

Wala si lazima mfano utoke mbali. Mwaka 1979 timu ya Mercedes-Benz ilileta katika mbio za Safari nchini Kenya magari makubwa ya 450 SLC yenye giaboksi za otomatiki za gia tatu. Wapo waliotabasamu. Hannu Mikkola wa Ufini akamaliza wa pili, nyuma ya Shekhar Mehta katika Datsun, na mwishoni mwa mwaka huohuo, katika mbio za Bandama nchini Ivory Coast, akashinda, na nafasi nne za kwanza zote zikachukuliwa na magari ya timu hiyo. Ikiwa gia hizo ziliweza kustahimili matope na vumbi la Afrika kwa maelfu ya kilometa, barabara ya lami ya Jumapili asubuhi haitazishinda.

Kwa baadhi ya watu gia za otomatiki si suala la kupenda tu. Injini ya Cobra imekaa nyuma sana ndani ya chesisi, hivyo nafasi ya miguu ni finyu na pedali zimebanana, na klachi ya injini yenye nguvu hivyo huwa nzito. Wajenzi wengi hulimaliza gari wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima. Mtu aliyevunjika goti la kushoto, au aliyepoozwa mguu kwa polio utotoni, hawezi kulikanyaga pedali hilo mara mia katika safari moja. Nchini Uingereza aliyefanya mtihani wa udereva kwa gari la otomatiki hana hata ruhusa ya kuendesha la klachi. Kumwambia mtu kama huyo kwamba ni afadhali aliuze gari kuliko kulibadilisha ni ukatili uliovikwa joho la heshima kwa historia.

Lakini kumtetea si kumpa ruhusa ya kubahatisha. Giaboksi ya otomatiki imezoea gari lake la kwanza, na ikihamishwa huhama na mahitaji yake yote.

La kwanza ni joto. Nguvu inayopotea ndani ya konveta haipotei hewani. Huingia katika mafuta. Ikiwa konveta inateleza na kumeza kilowati 30, na mafuta yaliyomo ni kilo 7, basi kwa kuwa kila kilo huhitaji kilojuli 2 hivi ili kupanda nyuzi 1, mafuta yatapanda nyuzi 2 kwa kila sekunde. Kutoka nyuzi 80, zinazofaa, hadi 120, zinazoanza kuyaharibu, ni sekunde 20 tu. Mlima mfupi au foleni ndefu vyatosha. Rejeta ndogo ya mafuta, iliyowekwa mahali panapopata upepo, si pambo.

La pili ni kebo. Giaboksi ya 700R4 ina kebo inayotoka kwenye kabureta, nayo huieleza giaboksi dereva amekanyaga mafuta kiasi gani, ili shinikizo la ndani lipande kwa kadiri hiyo. Mjenzi akitumia kabureta nyingine ambayo mkono wake una urefu tofauti, kebo husema uongo. Injini inavuta kwa nguvu zote, giaboksi inaambiwa kwamba dereva amekanyaga kidogo, shinikizo linabaki chini, na vishikizo vya ndani vinateleza hadi vinaungua. Kisha mjenzi husimulia kila mahali kwamba otomatiki hazifai.

La tatu ni shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye difu. Cobra ni gari fupi, na giaboksi ndefu huifupisha shafti hiyo hata ikawa chini ya nusu meta. Viungo vya ncha zake vikijikunja kwa pembe, mwendo wa kutoka haulingani tena na mwendo wa kuingia: huongezeka na kupungua mara mbili katika kila mzunguko. Pembe za ncha mbili zikilingana na viungo vikapangwa sawasawa, kosa la moja hufutwa na la nyingine. Zisipolingana gari hutetemeka, na katika shafti fupi kosa dogo la kimo cha giaboksi huwa kosa kubwa la pembe. Hili hupimwa kabla ya kuchomelea, si baada yake.

Lililo kubwa kuliko yote ni la bei ndogo kuliko yote. Kila gari la otomatiki linalotoka kiwandani lina swichi inayozuia stata isifanye kazi mpaka mkono wa gia uwe kwenye P au N. Katika magari yaliyobadilishwa swichi hiyo huachwa mara nyingi, kwa kuwa gari linawaka bila hiyo na waya zake zinasumbua. Sasa mtu awashe injini ya lita 5 mkono ukiwa kwenye D, ndani ya gereji, na mwenziwe ameinama mbele akikaza boliti ya bampa. Hapo hakuna klachi ya kukanyaga.

Kwa sababu hiyo giaboksi ichaguliwe kwenye karatasi kabla chesisi haijanunuliwa, pamoja na difu, konveta na rejeta yake, na jaribio la kwanza lifanyike gari likiwa juu ya vitako imara, magurudumu ya nyuma yakiwa hewani na watu wakiwa pembeni. Ufunguo ugeuzwe mkono ukiwa kwenye R, kisha kwenye D, kisha katika kila nafasi nyingine ya kwenda. Stata ikizunguka hata mara moja, gari lisishushwe chini siku hiyo.